Mlango wa Sheria: Jinsi Wakongo Walivyofikia Uwakili



Kila mwaka, matokeo ya Mtihani wa Serikali yanapotangazwa, mitaa yetu hujaa shangwe. Waliofaulu humwagiwa unga mweupe kichwani, mama zao hupiga vigelegele, na majirani huja kupongeza. Siku chache baadaye furaha hutulia na swali moja huanza kuzunguka nyumbani: sasa utasomea nini? Wengi katika vikundi vyetu hujibu bila kusita: sheria. Wazazi hupenda jibu hilo, kwa kuwa wakili, au avoka kama tunavyozoea kusema, ni mtu anayeheshimiwa, anayevaa joho jeusi na kusema mbele ya wakubwa bila kutetemeka.

Hatuandiki ukurasa huu ili kumvuta kijana yeyote kuelekea sheria, wala kumkatisha tamaa. Tunataka tukumbuke pamoja kwamba mlango huo, ambao leo unaonekana kuwa wazi, ulifungwa kwa Wakongo kwa miaka mingi, na kwamba kufuli lililoufunga lilikuwa elimu yenyewe. Anayejua mlango ulivyofunguliwa atajua pia jinsi ya kuingia kwa heshima, na atajiuliza anaingia ili afanye nini.

Padri kabla ya wakili

Tuanzie kando ya ziwa Tanganyika, katika nchi ya Marungu. Tarehe 21 Julai 1917, huko Baudouinville, mahali tunapopajua leo kwa jina la Kirungu, karibu na Moba, Askofu Victor Roelens alimwekea mikono Stefano Kaoze. Huyo ndiye Mkongo wa kwanza kupewa upadri katika nyakati hizi zetu. Kabla ya siku hiyo alikuwa amepita miaka mingi ya masomo: Kilatini, falsafa, teolojia. Aliweza kusoma na kuandika katika lugha ambazo Wazungu wengi wa koloni hawakuzijua vizuri.

Tuifikirie tarehe hiyo kwa makini. Mwaka 1917 Mkongo alikuwa amekwisha kuthibitisha kwamba anaweza kusoma masomo marefu kuliko yote yaliyokuwepo nchini. Lakini Mkongo wa kwanza aliyepata shahada ya udaktari wa sheria katika chuo kikuu kilichojengwa kwenye ardhi yetu aliipata mwaka 1961. Kati ya tarehe hizo mbili kuna miaka 44. Je, katika miaka hiyo Wakongo walikosa akili? Kaoze mwenyewe ni jibu. Kilichokosekana ni ruhusa.

Utawala wa Wabelgiji ulikuwa na njia yake katika mambo ya elimu. Shule za msingi, ambazo kwa sehemu kubwa ziliendeshwa na misheni, zilienea sana, hata kuliko katika makoloni mengine mengi ya Afrika. Watoto walifundishwa kusoma, kuandika, kuhesabu, kulima na kufanya kazi za mikono. Baada ya hapo ngazi ilikatika. Kijana mwenye akili aliweza kuwa karani, mwalimu, muuguzi au fundi. Aliyetaka kwenda juu zaidi alibaki na njia moja tu, nayo ni seminari. Ni katika seminari peke yake ambako Mwafrika aliweza kufundishwa Kilatini na falsafa bila serikali kuingiwa na wasiwasi.

Hapa inatupasa kusema ukweli wote, hata ule unaotugusa sisi wenyewe. Misheni zilifungua mlango wa elimu kwa maelfu ya watu, na tunawashukuru wamisionari kwa hilo. Lakini misheni hizo hizo ndizo zilizoendesha shule ambamo ngazi ilikatika, na kwa muda mrefu ni wachache tu waliopaza sauti kudai iendelee. Shukrani na ukweli vinaweza kukaa katika moyo mmoja.

Kufuli la Kilatini

Kwa nini sheria hasa ilifungwa kuliko masomo mengine? Sababu haifichiki. Daktari huponya mwili, naye mtawala anamhitaji. Mwanasheria huuliza maswali: amri hii imetolewa na nani? Kwa mamlaka gani? Mtu huyu amefungwa kwa kosa gani, na ushahidi uko wapi? Koloni halikupenda kuulizwa maswali hayo na mtu aliyetawaliwa. Wakati huo watu waligawanywa hata mbele ya haki. Amri ya tarehe 15 Aprili 1926 iliziweka katika utaratibu mahakama za wenyeji, ambamo machifu waliamua kesi za watu wao kwa desturi chini ya usimamizi wa wakuu wa serikali. Mahakama nyingine, zile zilizofuata sheria iliyoandikwa, zilikuwa na mahakimu na mawakili Wazungu. Mkongo aliingia humo akiwa mshtakiwa, shahidi, mkalimani au karani.

Lakini kufuli lililokuwa gumu kuliko yote lilikuwa sharti la masomo. Aliyetaka kusomea sheria katika chuo kikuu cha Ubelgiji alitakiwa awe amemaliza shule ya sekondari yenye Kilatini na Kigiriki, au ashinde mtihani mbele ya jopo maalumu la serikali. Wale kati yenu wanaosoma Latini-Filo wanajua jasho linalotoka katika kukariri vitenzi vya Kilatini. Sasa fikirini kijana wa Kongo wa mwaka 1945. Shule ya sekondari kamili, ya kumwandaa mtu kwenda chuo kikuu, haikuwepo kwa ajili yake. Marekebisho ya mwaka 1948 ndiyo yaliyoanza kuleta sekondari ya namna hiyo kwa Wakongo, nayo ilianza polepole na kwa vijana wachache. Mlango unaodai ufunguo ambao umekatazwa kuuchonga umefungwa, hata kama hakuna askari aliyesimama mbele yake.

Miongoni mwa waliokwenda kuutafuta ufunguo huo alikuwa kijana wa Bumba, katika Ekwateri, aliyezaliwa tarehe 29 Septemba 1931. Jina lake ni Marcel Lihau. Alisoma katika shule za Kikatoliki, kisha akafika Kisantu, ambako Wajesuiti walikuwa na kituo cha elimu ya juu. Alitaka sheria. Kwa msaada wa walimu wake alijifunza Kilatini, Kigiriki na Kiflemi ili aweze kuushinda mtihani wa kuingia chuo kikuu. Akafaulu, akapokelewa katika Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Louvain, akawa mmoja wa Wakongo wa kwanza kabisa kusomea sheria.

Tunalisimulia jambo hili kwa sababu vijana wengi hudhani kwamba milango hufunguliwa kwa kelele peke yake. Lihau hakuja kuwa mtu wa kunyamaza mbele ya wakubwa, kama tutakavyoona. Lakini kwanza alikaa usiku akisoma lugha tatu ambazo hakuna aliyezisema kijijini kwake, kwa kuwa sharti lilikuwa hilo. Na mwalimu aliyekaa naye kumfundisha alifanya tendo kubwa, ingawa hakuna sanamu iliyosimamishwa mjini kwa ajili ya tendo hilo.

Nchi huru isiyo na wanasheria

Mwaka 1954 Chuo Kikuu cha Lovanium kilifunguliwa juu ya kilima karibu na Léopoldville, kikiwa mtoto wa Louvain. Mwaka 1956 kikafuata chuo kikuu cha serikali huko Élisabethville, Lubumbashi ya leo. Ngazi iliyokatika ilianza kuunganishwa, lakini saa ilikuwa imekwenda sana. Shahada ya udaktari wa sheria ilidai miaka mingi, na uhuru haukuweza kungoja.

Tarehe 30 Juni 1960 Kongo ikawa huru. Siku hiyo nchi hii kubwa haikuwa na wakili hata mmoja Mkongo, wala hakimu Mkongo aliyemaliza chuo kikuu cha sheria. Siku chache baadaye askari waliasi, na Wabelgiji wengi wakaondoka kwa haraka, wakiwemo mahakimu. Vyumba vya mahakama vilibaki na meza, vitabu na majalada ya kesi, huku viti vya waamuzi vikiwa vitupu.

Nani alivikalia? Kwa sehemu, makarani. Watu waliokuwa wameandika maneno ya wengine kwa miaka mingi, waliojua utaratibu kwa kuutazama, waliitwa kuamua kesi. Wataalamu wengine waliletwa kutoka nchi za kigeni kwa msaada wa Umoja wa Mataifa. Kisha, mwaka 1961, ikaanza kazi Shule ya Taifa ya Sheria na Utawala, ili kuwaandaa mahakimu na watumishi wa serikali kwa muda mfupi. Aliyeiongoza ni Étienne Tshisekedi, ambaye mwaka huo huo wa 1961 alimaliza udaktari wa sheria Lovanium. Yeye ndiye tuliyemtaja pale mwanzo bila jina. Tunamtaja hapa kama mwanafunzi na mwalimu wa sheria. Habari za siasa zilizofuata si shughuli ya ukurasa huu.

Lihau naye, hata kabla ya kumaliza masomo, aliitwa. Wakati wa Mkutano wa Meza ya Duara huko Brussels, Januari na Februari 1960, aliwahimiza wajumbe wa Kongo wasimame pamoja. Septemba mwaka ule akawekwa kusimamia mambo ya haki katika lile Baraza la Makamishna lililoundwa na vijana wasomi. Baadaye akawa mkuu wa kitivo cha sheria cha Lovanium, na akashiriki kuandaa Katiba ya Luluabourg, iliyopitishwa kwa kura ya wananchi mwaka 1964. Mwaka 1968 akawa Rais wa kwanza wa Mahakama Kuu ya Haki.

Tusipite haraka hapa. Kijana aliyezaliwa katika nchi ambamo Mkongo hakuruhusiwa kusomea sheria alikikalia kiti cha juu kabisa cha haki katika nchi hiyo, naye hajatimiza miaka 38. Ni habari ya kushangilia. Lakini ni habari ya kutisha pia, kwa sababu inatuonyesha jinsi watu walivyokuwa wachache. Mzigo wa miaka 50 ya kunyimwa elimu uliwaangukia watu wanaohesabika kwa vidole.

Masharti yakawekwa upya, na sisi wenyewe

Mwaka huo huo wa 1968, tarehe 10 Julai, nchi huru ilitoa amri-sheria ya kuupanga uwakili. Miaka 11 baadaye, tarehe 28 Septemba 1979, ilitolewa nyingine badala yake, amri-sheria namba 79-028, ambayo hadi leo ndiyo msingi wa baro, yaani chama cha mawakili. Kijana anayeuliza «nifanye nini ili niwe wakili?» jibu lake limo humo. Tulieleze kwa maneno mepesi.

Kwanza, diploma ya sheria. Sharti la Kilatini na Kigiriki halipo tena. Mwenye Diploma ya Serikali, awe ametoka katika fasihi, ualimu, biashara au sayansi, anaweza kuomba nafasi katika kitivo cha sheria. Katika utaratibu wa zamani alisoma miaka 3 ya gradua na miaka 2 ya lisansi, jumla miaka 5. Katika utaratibu mpya wa LMD, ulioenezwa nchini tangu mwaka wa masomo 2021–2022, lisansi ni miaka 3 na masta ni miaka 2.

Pili, mwenendo mwema. Sheria inataka mtu ambaye maisha yake yanashuhudia uadilifu. Yaani, kabla baro haijauliza unajua nini, ina haki ya kuuliza wewe ni nani.

Tatu, kiapo. Wakili mpya husimama mbele ya mahakama ya rufaa, akaapa kuiheshimu Katiba, kuitii sheria, kuzipa mahakama heshima zinazostahili, na kutokubali kesi yoyote ambayo katika roho na dhamiri yake haioni kuwa ya haki.

Nne, staji ya miaka 2. Mwenye diploma hawi wakili kamili siku anayopewa karatasi. Huandikwa kwanza katika orodha ya wanaofanya staji, akakaa chini ya wakili mzoefu, akajifunza kuandika, kusikiliza, kungoja, kunyamaza na kusema. Baada ya hapo ndipo jina lake huandikwa katika orodha kuu ya baro.

Sheria hiyo hiyo inamtambua mtetezi mwingine, yule anayeitwa kwa Kifaransa défenseur judiciaire. Yeye hutakiwa kuwa na masomo mafupi zaidi, na hutetea watu katika mahakama za chini: mahakama ya amani na ile ya wilaya kubwa. Mahakama ya rufaa si mahali pake. Wengine humdharau, lakini kwa watu wengi wa vijijini na wa mitaa ya pembeni yeye ndiye mtu wa sheria wa kwanza, na mara nyingi wa pekee, wanayemwona maishani. Na anayetaka kuwa hakimu hufuata njia nyingine: baada ya diploma ya sheria hupita katika mashindano ya kuajiriwa, kama inavyoagiza sheria ya tarehe 10 Oktoba 2006 juu ya mahakimu.

Vijana hutuuliza mara nyingi: Mkristo anawezaje kumtetea mwizi au muuaji, hali ameapa kutetea haki tu? Swali ni zuri. Katiba yetu ya mwaka 2006 inasema kwamba mshtakiwa anahesabiwa kuwa hana kosa mpaka hukumu ya mwisho, na kwamba kila mtu ana haki ya kujitetea au kutetewa. Kumtetea mtu si kuusifu ubaya wake. Ni kuhakikisha kwamba hahukumiwi bila ushahidi, hateswi ili akiri, na hapewi adhabu inayopita ile iliyowekwa na sheria. Kinachokatazwa na kiapo ni uongo: kununua shahidi, kughushi hati ya kiwanja, kumpelekea hakimu bahasha. Wakili wa namna hiyo hamtetei mtu, anaiuza haki.

Siku diploma haikutosha

Hapa turudi kwa Lihau. Chini ya utawala wa Mobutu wanafunzi waliteseka sana. Juni 1969 wanafunzi wa Lovanium walipigwa risasi mjini Kinshasa. Mwaka 1971 Lovanium ilitaifishwa ikaunganishwa na vyuo vingine viwili kuwa chuo kikuu kimoja cha taifa. Mwaka 1975 wanafunzi walioandamana walifikishwa tena mbele ya haki, na wakubwa walitaka wapewe adhabu kali. Lihau, Rais wa Mahakama Kuu, alikataa kulazimisha adhabu hiyo. Aliondolewa kazini papo hapo akawekwa katika kifungo cha nyumbani. Baadaye, mwaka 1985, alikwenda uhamishoni Marekani. Alifariki mwaka 1999.

Kilatini kilimfikisha Louvain, na diploma ilimfikisha katika kiti cha juu. Lakini siku ile ya mwaka 1975 havikumsaidia kitu. Alichohitaji ni lile sharti jingine, lile la dhamiri, ambalo halina chuo kikuu wala mtihani wa mwisho wa mwaka. Wapo wanasheria waliokuwa na diploma kama yake, katika nchi yetu na kwingineko, waliotia sahihi mambo yaliyowafanya watu walie. Elimu inakufikisha mahali pa kuamua. Utakachoamua kinatoka kwingine.

Milango iliyobaki

Tusijidanganye kwamba kazi imekwisha. Karatasi inasema mlango uko wazi kwa wote, lakini bado kuna vizingiti.

Cha kwanza ni fedha. Miaka 5 ya chuo, kisha miaka 2 ya staji ambayo mara nyingi haina mshahara wa kutosha kulisha mtu, ni mzigo ambao mtoto wa mkulima haubebi peke yake. Cha pili ni lugha. Sheria zetu zimeandikwa kwa Kifaransa. Mama wa sokoni anayezungumza Kiswahili anaweza kukaa mahakamani asubuhi nzima akisikia maisha yake yakijadiliwa kwa maneno asiyoyaelewa. Kijana atakayeweza kumweleza mama huyo kesi yake kwa lugha yake, bila kupotosha sheria na bila kumdharau, atakuwa amefungua mlango mwingine.

Cha tatu kiliwahusu dada zetu. Sophie Kanza, mke wa Lihau, alimaliza masomo yake Lovanium mwaka 1964, Mkongo wa kwanza mwanamke kupata shahada ya chuo kikuu, na mwaka 1966 akawa waziri wa kwanza mwanamke. Hata hivyo, Sheria ya Familia ya mwaka 1987 iliagiza kwamba kwa kawaida mke asisimame mahakamani katika kesi ya madai bila ruhusa ya mumewe. Tazameni ajabu hiyo: mwanamke aliyeolewa aliweza kuwa wakili na kutetea mali za watu wengine, lakini kwa mali yake mwenyewe alipaswa kuomba ruhusa nyumbani. Sharti hilo liliondolewa na sheria ya tarehe 15 Julai 2016. Wasichana wa vikundi vyetu waikumbuke tarehe hiyo, kwa kuwa wengi wenu mlikuwa mmekwisha kuzaliwa.

Pro Deo

Kilatini kimeondoka katika masharti, lakini maneno yake mawili yamebaki katika midomo ya mawakili wetu. Mtu asiye na uwezo wa kulipa anapopewa wakili wa bure, watu husema ana wakili «pro Deo», maana yake: kwa ajili ya Mungu. Sheria ya mwaka 1979 inaitaka kila baro iwe na ofisi ya ushauri wa bure kwa maskini, na mara nyingi vijana wa staji ndio wanaobeba kazi hiyo. Kanisa linamheshimu Mtakatifu Ivo wa Brittany, aliyefariki mwaka 1303, kuwa msimamizi wa mawakili. Naye alisomea sheria Paris na Orléans, kisha akaitumia kuwatetea yatima, wajane na maskini.

Wengine husema kesi za pro Deo hazina faida, na huzifanya kwa haraka ili ziishe. Sisi tunasema kwamba huko ndiko wakili anakopimwa. Anayelipwa vizuri hujitayarisha vizuri. Hilo si ajabu. Lakini yule anayesoma jalada la maskini usiku kwa bidii ile ile, bila mtu wa kumwona, huyo ameelewa kwa nini mlango ulifunguliwa.

Tumalizie na kijana wa kwetu, wa Goma. Floribert Bwana Chui alizaliwa mwaka 1981, akasomea sheria katika mji wake. Hakuwa wakili. Alifanya kazi katika ofisi ya serikali inayokagua bidhaa mpakani. Wafanyabiashara walimletea fedha ili aruhusu chakula kilichoharibika kiingie sokoni. Alikataa. Alijua chakula hicho kingeliwa na watu maskini. Julai 2007 alitekwa akauawa, akiwa na miaka 26. Tarehe 15 Juni 2025 Kanisa lilimtangaza Mwenye Heri huko Roma. Hakuna kiapo cha baro kilichomfunga, wala hakuna joho alilovaa. Alikuwa na diploma ya sheria na dhamiri, na vyote viwili vilikubaliana.

Vijana wapendwa, anayetaka kusomea sheria na asome. Asome kwa bidii ya wale waliolazimika kujifunza Kigiriki ili wapate tu kugonga mlango. Asinunue alama, kwa maana anayenunua diploma anarudi palepale pa mwaka 1960: kiti kipo, mwenye kukijua hayupo. Na asiyesomea sheria asiseme kwamba habari hii haimhusu, kwa sababu siku moja atakuwa shahidi, au mzee wa jumuiya anayeamua ugomvi wa mpaka wa shamba, au mlinzi wa lango ambaye bahasha itafika mkononi mwake.

Maswali ya kutafakari katika vikundi

1. Katika parokia yetu, ni kijana gani ana akili na hamu ya kusoma lakini ngazi yake imekatika? Kikundi chetu kinaweza kumfanyia nini mwaka huu?

2. Je, tunajua ofisi ya ushauri wa bure ya baro ya mji wetu iko wapi, na tunaweza kumwelekeza huko mjane anayenyang'anywa nyumba?

3. Tumewahi kununua alama, au kumsifu aliyenunua? Tuzungumze juu ya jambo hilo bila kumnyoshea mtu kidole.

4. Lihau alipoteza kiti chake na Floribert alipoteza uhai wake. Sisi tuko tayari kupoteza nini ili haki isimame?